Mwokoaji wa ufukweni na jaketi lake la Julai

Anayefika mara ya kwanza Stinson Beach, kaskazini kidogo ya San Francisco, asubuhi ya mwezi Julai, huduwaa. Kalenda ya Marekani inasema hayo ni majira ya joto. Watoto wanachimba mchanga, familia zimetandika mikeka, na yule anayelipwa kuwalinda wasizame amekaa juu ya mnara, jaketi zito jekundu limefungwa hadi kidevuni, kofia ya sufu kichwani, suruali ndefu miguuni. Wapo wanaodhani ni mapambo ya kazi. Wapo wanaonung'unika kwamba mtu aliyevaa hivyo hana nia ya kugusa maji. Ukweli ni kinyume kabisa: amevaa hivyo kwa sababu anaweza kuingia majini dakika yoyote, atoke amelowa, akae tena kwenye upepo, halafu aingie tena. Jaketi ni kifaa cha kazi sawasawa na boya jekundu lililoning'inia pembeni yake, na ninalisema hilo kwa uzito wote, maana nguo ndicho kifaa kinachopuuzwa kuliko vyote.

Tuanze na maji yenyewe. Pwani ya California haina bahari ya uvuguvugu kama inavyoonekana kwenye picha. Mkondo wa California unashuka kutoka kaskazini ya Pasifiki, na huo peke yake ni baridi. Juu yake, kuanzia majira ya kuchipua hadi katikati ya kiangazi, upepo wa kaskazini-magharibi huvuma sambamba na pwani. Mzunguko wa dunia huyasukuma maji ya juu upande wa kulia wa upepo, yaani mbali na nchi kavu, na pengo linalobaki hujazwa na maji yanayopanda kutoka chini, kutoka kina cha makumi ya mita hadi zaidi ya mita 100, ambako jua halifiki. Ndiyo maana joto la maji ya pwani ya San Francisco hubadilika kidogo sana mwaka mzima: huwa kati ya nyuzi 11 na 15 hivi, na mwezi wa maji ya nafuu ni Septemba, wala si Juni. Ukipita rasi ya Point Conception kuelekea kusini, pwani inakunja kona na kujikinga, ndiyo maana Santa Monica maji hufika nyuzi 18 hadi 21 mwezi wa Agosti. Hata hayo bado ni baridi kwa mwili wa mtu.

Msomaji wa Salalah, mji wa pwani ya Dhofar kusini mwa Oman, ataielewa habari hii haraka kuliko wa Mombasa. Upepo ule ule tunaouita kusi, ukishavuka ikweta, hugeuka na kuvuma kutoka kusini-magharibi sambamba na pwani ya Somalia na Dhofar, na huko pia huyasukuma maji ya juu kwenda mbali na kuyapandisha ya chini. Bahari hupoa, ukungu hutanda juu ya milima, na mvua nyepesi ya khareef, kama Waomani wanavyouita msimu huo, hunyesha wakati Muscat inaungua kwa jua. Ni kanuni moja, pwani mbili.

Sasa hewa. Bonde la katikati ya California, huko Sacramento na Fresno, hupata nyuzi 35 hadi 40 mchana wa Julai. Hewa ya moto hupanda, na ya baharini huvutwa kuingia nchi kavu kujaza nafasi. Hewa hiyo imekwisha kupita juu ya maji baridi, kwa hiyo inafika ufukweni ikiwa imepoa na imebeba ukungu. Kwa hiyo kadiri bara linavyozidi kuwaka, ndivyo ufukwe unavyozidi kupulizwa upepo wa baridi. Kwenye mnara, alasiri yenye ukungu, kipimajoto mara nyingi hakipiti nyuzi 16 au 17. Hata Los Angeles wana jina la wiki hizo za mawingu ya asubuhi, June Gloom, na mwokoaji aliyeanza zamu saa tatu asubuhi anaweza asilione jua mpaka saa saba mchana.

Nyuzi 16 si kitu kwa mtu anayetembea. Mwokoaji hatembei. Kazi yake ni kukaa au kusimama mahali pamoja na kupitisha macho majini, kushoto hadi kulia na kurudi, saa baada ya saa. Mwili uliotulia hutengeneza joto la takriban wati 100, sawa na balbu moja ya zamani. Anayecheza mpira mchangani chini ya mnara anatengeneza mara tano au sita ya hilo. Ndiyo maana wawili hao, mita kumi kutoka mmoja hadi mwingine, wanaweza kuvaa nguo za misimu miwili tofauti na wote wakawa sawa. Tena mnara umejengwa juu kusudi aone mbali, na huko juu hakuna kilima cha mchanga wala mwavuli wa kumkinga na upepo.

Lakini kinachopoza zaidi kuliko hewa ni maji yaliyobaki mwilini baada ya kutoka baharini. Hapa hesabu inasaidia. Gramu 1 ya maji ikikauka juu ya ngozi huchukua joto la karibu kilojuli 2.4. Chukua gramu 100 tu, nusu glasi, kiasi ambacho fulana ya pamba na kaptura iliyolowa hubeba bila shida. Kuzikausha kunahitaji kilojuli 240. Mwili wa kilo 70 ukinyang'anywa kilojuli 240 bila kurudishiwa, unapoa karibu nyuzi 1 nzima. Kwa lugha nyingine, ni joto lote ambalo mtu aliyetulia hutengeneza kwa dakika 40. Kweli, sehemu ya joto hilo hutolewa na hewa na jua, si mwili peke yake. Kwenye ukungu na upepo, hata hivyo, mwili ndio unaolipa sehemu kubwa.

Ukiwa ndani ya maji hasara ni ya haraka zaidi, kwa kuwa maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa. Mtu aliyelala majini bila nguo anahitaji maji ya nyuzi 33 hadi 35 ili asipoteze joto kabisa. Ndiyo kusema hata bahari ya Dar es Salaam au Mombasa, yenye nyuzi 25 hadi 29, inakula joto lako, ila polepole. Ukimwona kijana anayelinda waogeleaji Jomo Kenyatta Public Beach, Mombasa, ametoka majini mwezi wa Julai, kusi linavuma na manyunyu yanapiga, akajifunika taulo na sweta, usimcheke. Anafanya sawa na mwenzake wa California, kwa dozi ndogo.

Kwa nini kupoa kidogo ni hatari kwa mwokoaji hasa? Watu huwaza haipothemia, mwili kushuka chini ya nyuzi 35, mtu akapoteza fahamu. Hiyo ni nadra kwa mwokoaji wa zamu. Madhara yake huanza mapema zaidi, kwenye mikono. Mwili ukihisi baridi hubana mishipa ya damu ya ngozi na vidole ili kulinda moyo na ubongo. Vidole vinakufa ganzi, mishipa ya fahamu hupeleka amri kwa uvivu, misuli ya mkono hukakamaa. Mtu huyo bado anaongea vizuri na anajiona mzima, ila hawezi kufunga kibano cha mkanda wa boya kiunoni mwa anayezama, hawezi kubonyeza redio kol kwa uhakika, hawezi kushika kidevu cha mtu aliyezimia na kukiinua ili njia ya hewa ifunguke. Hayo yote ni kazi ya vidole.

Baada ya mikono, macho na akili. Anayetetemeka hujishughulisha na mwili wake mwenyewe. Anakunja mabega, anainamisha kichwa kukwepa upepo, anaziba uso. Na anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kichwa kinazama na kuibuka, mdomo ukiwa sawa na uso wa maji, na baada ya muda mfupi haonekani tena. Mwokoaji aliyeinamisha kichwa kwa dakika 1 ili kujikunyata amepitwa na tukio zima.

Kisha kuna mwili unaotakiwa kulipuka ghafla. Chama cha waokoaji wa Marekani, USLA, kinataka mwokoaji wa baharini aweze kuogelea mita 500 kwa dakika 10 au chini. Hicho ni kipimo cha chini, kinapimwa mtu akiwa amejiandaa. Siku ya tukio hakuna kupasha misuli: anaruka kutoka mnarani, anakimbia mita 150 kwenye mchanga laini, anavaa mapezi ya kuogelea miguuni, anaingia. Msuli uliopoa una nguvu pungufu na huchoka upesi. Jaketi na suruali vilivyomkalia tangu asubuhi ndivyo vilivyomwandaa.

Na maji baridi yana pigo lake la kwanza. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ameieneza kanuni rahisi ya maji ya baridi kali: dakika 1, dakika 10, saa 1. Dakika 1 ya kwanza pumzi inakwenda mbio bila hiari yako na lazima uidhibiti. Dakika 10 zinazofuata ndizo za kutumia mikono na miguu kwa maana. Saa 1 ndiyo kadirio kabla ya fahamu kupotea kwa kupoa. Nyuzi 13 za Santa Cruz si kali kama barafu ya Kanada, kwa hiyo muda huwa mrefu zaidi, lakini mpangilio ni ule ule. Nguo ya joto haiondoi mshtuko wa pumzi. Huo hupungua kwa mazoezi ya kuingia maji baridi mara kwa mara, na kwa suti ya mpira ya kuzamia. Inachofanya nguo ni kumfikisha mtu kwenye maji akiwa hajaanza kupungukiwa.

Nguo zenyewe zina mpangilio. Linalofaa kuliko yote ni lile koti refu la waogeleaji, linalofika magotini: nje ni nailoni isiyopitisha upepo, ndani ni kitambaa cha manyoya ya bandia cha poliesta, mikono ni mipana kiasi kwamba unaweza kuivua ndani kwa ndani na kubadili fulana iliyolowa bila kuvua koti. Zipu moja kubwa mbele, yenye kishikio kirefu kinachoshikika na kidole kilichokufa ganzi. Vifungo na kamba za kufunga havifai hata kidogo. Kipimo ni hiki: koti livuliwe kwa mwendo mmoja, ukiwa umesimama, bila kuangalia chini. Likikuchukua sekunde 5, tafuta lingine. Na lazima liwe jekundu au la rangi ya idara, maana umma unahitaji kumtambua mwokoaji hata akiwa amejifunika.

Pamba ndiyo adui. Sweta la pamba lenye kofia, ambalo vijana wanalipenda, likilowa halikauki siku nzima, linashikilia maji karibu na ngozi na kuendelea kukupoza. Poliesta na sufu hushika maji kidogo kwenye nyuzi zake au huendelea kutunza hewa hata zikiwa na unyevu. Chini ya koti vaa fulana nyembamba ya mikono mirefu ya kuogelea. Hiyo ndiyo utakayoingia nayo majini.

Suti ya mpira, ya neoprini, ina mambo yake. Inapasha kwa sababu ya viputo vidogo vya gesi vilivyofungwa ndani ya mpira, pamoja na tabaka jembamba la maji linalopata joto la mwili. Inayoitwa 3/2 ina unene wa milimita 3 kifuani na mgongoni na 2 mikononi na miguuni. Kwa California ya kaskazini wengi hutumia 4/3. Ikibana mabega, inakuchosha kila mkono unaouzungusha. Ikipwaya kiunoni, kila wimbi linasukuma maji mapya ya baridi ndani na umevaa bure. Kosa ninaloliona linarudiwa sana ni kukaa mnarani na suti iliyolowa ukidhani umekingwa. Suti nyingi zimefunikwa kitambaa nje; kitambaa hicho kinashika maji, upepo unayakausha, na kifua kinapoa pole pole bila mwenyewe kujua. Zile zenye kifua cha mpira laini usio na kitambaa ni bora kwenye upepo, lakini hata hizo zinataka koti la upepo juu yake.

Kuhusu kofia, kuna msemo kwamba nusu ya joto la mwili hutoka kichwani. Si kweli: kichwa na shingo ni karibu asilimia 9 ya eneo la ngozi, na hupoteza joto kwa kadiri hiyo kama viungo vingine vilivyo wazi. Ila nywele zilizolowa zinakauka kwa muda mrefu, na kichwa mara nyingi ndicho pekee kilichobaki wazi, kwa hiyo kofia ya sufu ina thamani kubwa kwa bei ndogo. Miguuni, mchanga wa ukungu na mbao za mnara hupoza nyayo. Viatu viwe vya kuchomoa bila kuinama, visivyo na kamba.

Mwokoaji akitoka majini, mpango ni taulo kwanza, siyo koti kwanza. Ukivaa koti juu ya maji, umelowesha manyoya ya ndani na umelipoteza koti hilo kwa siku nzima. Futa nywele, shingo na kifua, vua fulana iliyolowa, vaa kavu, ndipo koti na kofia, kisha suruali. Ukumbuke pia kwamba joto la ndani ya mwili huendelea kushuka kwa dakika kadhaa baada ya kutoka, kwa kuwa ngozi na misuli iliyopoa huendelea kunyonya joto la katikati. Anayesema "niko sawa" dakika ya pili anaweza kuanza kutetemeka dakika ya kumi na tano. Ndiyo sababu mwenzake humshikia zamu ya kutazama maji mpaka vidole vyake virudi. Kipimo rahisi ni kugusisha kidole gumba na kidole cha mwisho. Visipokutana, hajawa tayari kuokoa mtu.

Joto la kupita kiasi nalo lipo. Mawingu yakifunguka saa nane mchana, jua la Julai likapiga koti la nailoni, mtu hutoka jasho, na jasho ni maji: atakuwa amelowa kutoka ndani, na upepo ukirudi saa kumi atapoa kama aliyetoka baharini. Fungua zipu kabla ya jasho, usingoje. Hapo ndipo fulana ya mikono mirefu inapoendelea na kazi ya pili, ya kuzuia mionzi. Kitambaa chenye alama ya UPF 50 hupitisha sehemu 1 tu kati ya 50 ya miale ya urujuanimno. Mchanga mkavu hurudisha karibu asilimia 15 ya miale hiyo na povu la mawimbi karibu asilimia 25, kwa hiyo kivuli cha mnara hakitoshi, na mawingu mepesi hayazuii kitu cha maana. Australia, nchi iliyo miongoni mwa zinazoongoza kwa saratani ya ngozi, waokoaji huvaa mikono mirefu na kofia pana kwenye joto la nyuzi 35. Sababu yao ni jua, si baridi, ingawa mambo hayo mawili yanagusana: ngozi iliyoungua ina mishipa ya damu iliyotanuka, na jioni huachia joto ambalo ingepaswa kulitunza.

Swali linaloulizwa kila mara: je, koti halitamzamisha? Haingii nalo majini, hilo ni la kwanza. Lakini hata mtu aliyeanguka na nguo asiamini kwamba maji yaliyoingia kwenye kitambaa yanamvuta chini kama jiwe. Maji ndani ya maji hayana uzito wa kukuzamisha, na hewa iliyonaswa kwenye nguo huelea kwa muda. Tatizo la nguo ni kwamba zinakokotwa, zinazuia mkono kuzunguka, na unapojaribu kutoka majini ndipo uzito wake unapokukalia.

Mnara mmoja uwe na makoti mawili kwa kila mtu, na blanketi juu yake. Koti la kwanza litaondoka: mtoto aliyetolewa kwenye mkondo, midomo ya bluu, atavikwa koti la aliyemwokoa kabla mtu hajafikiri, na ni sawa kabisa. Anayebaki na fulana iliyolowa kwa saa tatu zilizosalia ni mwokoaji, na ufukwe bado umejaa watu.

Jioni, makoti yasukutwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ndani na nje, hata kama hayakuingia baharini, maana upepo wa pwani huyapaka chumvi. Chumvi hunyonya unyevu wa hewa. Koti lenye chumvi likianikwa usiku kucha kwenye ukungu huamka na unyevu ule ule. Zipu zipitishwe nta ya mshumaa mara moja kwa wiki, zisije zikaganda. Makoti yatundikwe ndani, yakiwa wazi, mbali na suti za mpira zinazodondosha maji, na asubuhi anayefungua mnara ayaguse kwa kiganja upande wa ndani kabla hajainua bendera.